Salamu Hazichezi Ngoma

Malampaka,
13 Mei 1995

Kaka Athanasi,

Mwangaluka. Najua barua hii inaweza kukufika jioni, tena jioni ya wiki nyingine, lakini hapa nilipokaa jua ndiyo kwanza linachomoza, kwa hiyo pokea ya asubuhi. Sisi wazima. Mayu, mama yetu, naye mzima, goti lake tu ndilo limeingia siasa mwaka huu wa uchaguzi: leo linakubali kutembea, kesho limehamia upinzani. Mpunga tumevuna, na pamba imeanza kupasuka. Shemeji yako Sylvester bado katekista, bado anasoma masomo kanisani kwa sauti ile ile ya kuamsha wafu. Watoto wanakusalimu wewe na wifi Felisita, wanauliza kama bado mna meno, maana hamjaonekana huku miaka sita.

Sasa nifike kwenye shida yangu. Mzee Mayala tulimzika mwezi wa tatu. Ni yule ningi wetu, mtunzi na kiongozi wa ngoma ya Wagika hapa Malampaka tangu sisi tukitoka kamasi. Siku tatu kabla ya kufa aliita watu akasema ngoma kubwa ikae kwangu. Kwangu mimi Kwandu, mwanamke, muuza wali wa stesheni! Wanaume walikohoa wote kwa pamoja utadhani wamemeza pilipili. Wakaenda kuteta, wakarudi na sharti. Saba Saba tunashindana na Wagalu wa Ngeleja kutoka Bariadi. Nikishinda, ngoma ni yangu moja kwa moja. Nikishindwa, anapewa Constantine, ambaye anaipiga vizuri sana lakini hajawahi kutunga hata wimbo wa kubembelezea mtoto.

Umekaa mbali, nikukumbushe tunavyoshindana. Makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, huku Wagika na kule Wagalu. Watazamaji wana miguu yao. Jua likikaribia kuzama wazee wanaangalia watu wamejaa upande gani, na upande huo ndio umeshinda. Hakuna alama, hakuna karatasi. Na Ngeleja ana chatu, kaka. Anamvaa shingoni kama tai ya mbunge, na watu wote wanahamia kwake. Mnunuzi mmoja wa pamba, hawa wapya waliokuja baada ya biashara kuachiwa huru, ameshawapa Wagalu fulana na ametoa fahali wa zawadi kwa mshindi.

Ndipo nikakukumbuka wewe. Uwanja uko hatua hamsini kutoka stesheni. Treni yenu ya kwenda Mwanza inapita hapa alfajiri, saa ambayo hata mbwa hawachezi. Lakini ikichelewa kutoka huko Makutano, inapita mchana ikiwa na watu mia nne. Naomba Saba Saba uicheleweshe saa nane tu, halafu ikifika kwetu injini ipumzike kidogo. Mbona mnachelewa hata bila kuombwa?

Nasubiri jibu la ndugu, si la reli.

Ni mimi mdogo wako,
Kwandu


Makutano,
4 Juni 1995

Mdogo wangu Kwandu,

Barua yako nilipewa na gadi wa treni tarehe ishirini na tano. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nacheka, kisha nikikasirika, kisha nikiitwa kazini. Hapa sote tu wazima. Felisita amepata cherehani na anashona sare za shule. Mwanetu Winnie amefaulu kidato cha pili. Pole kwa msiba wa mzee Mayala. Alinifundisha kupiga ngoma kabla hajagundua kwamba sina sikio.

Hongera kwa alichokuachia. Nasema hongera kwanza ili yanayofuata yasikuume sana.

Ombi lako haliwezekani. Kwanza, mimi si dereva wala si bwana stesheni. Mimi nakata na kuunga mabehewa. Treni ikitoka Dar es Salaam inafika hapa ni moja, na hapa ndipo inapokuwa mbili. Mabehewa matano ya mbele yanakwenda Mwanza, yaliyobaki yanakwenda Kigoma. Natembea kando ya treni nikihesabu kwa mdomo, moja, mbili, tatu, nne, tano, nasimama, naingia katikati, nakata. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Treni zimechelewa, sikatai, zimechelewa kwa mvua, kwa mafuta, kwa ng'ombe wa watu waliolala relini. Hazijachelewa hata siku moja kwa mkono wa Athanasi Mayige.

Pili, hujui hapa ni mahali gani. Babu yetu alibeba mataruma ya njia ya Mwanza begani tangu hapa nilipo mpaka huko unapouza wali. Kabla ya njia hiyo mtu wa kwetu aliyetaka kwenda pwani alitembea miezi mitatu na kuaga kama anakwenda kufa. Siku hizi anapanda na kuku wake. Pamba yenu inapita mikononi mwangu, na mchele wenu, na wanafunzi, na maiti za watu wanaorudishwa kuzikwa kwao. Kutoka Kigoma yanakuja mawese, dagaa na chumvi ya Uvinza. Vyote vinakutana hapa na hapa vinaagana. Mtu aliyewekwa mahali kama hapo hafanyi mchezo kwa sababu dada yake ana ngoma.

Tatu, huu si mwaka wa kufanya mzaha kazini. Kuna orodha inaandaliwa ya watu watakaopunguzwa. Mimi sina wasiwasi, mtu asiye na kosa haogopi orodha.

Shinda kwa wimbo, Kwandu. Chatu haimbi.

Kaka yako,
Athanasi

N.B. Wifi, huyu anajifanya mgumu, lakini barua yako anatembea nayo mfukoni. Felisita.


Malampaka,
19 Juni 1995

Kaka,

Salamu zimefika zote, na hotuba nayo imefika. Mayu hajambo. Alipoisikia barua yako ikisomwa alisema, "Huyu mtoto alizaliwa akiwa na koti la serikali." Watoto wazima. Mbuzi yule mweusi kazaa mapacha. Basi habari zimekwisha.

Sijakasirika. Nimetunga wimbo tu. Wa kwako huo, ndio tutakaofungulia Saba Saba. Kwa Kisukuma una utamu wake, ila nakuandikia Kiswahili ili wifi Felisita naye acheke, maana Waha wa Kigoma wanajua kucheka:

Kaka yangu ameshika njia mbili mkononi,
moja ya Kigoma, moja ya kwetu,
wageni anawapa njia, dada anampa salamu.
Ee kaka, salamu hazichezi ngoma,
salamu hazipigi makofi,
niletee watu, salamu nitakupa mimi.

Mistari sita tu. Vijana wameushika kwa jioni moja. Hata Constantine anaupiga akitikisa kichwa, na yeye ndiye anayengoja nianguke! Wauza mayai wa stesheni wanauimba treni ikiingia. Kwa hiyo ukisikia masikio yanakuwasha, usinunue dawa.

Usiku nakosa usingizi, kaka, hilo nakwambia bila utani. Si fahali ninayemtaka. Mzee Mayala alinichagua mbele ya watu, na nikishindwa watasema mzee alikuwa amechanganyikiwa na homa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mdogo wako,
Kwandu


Malampaka,
9 Julai 1995

Kaka! Kaka! Kaka!

Mwangaluka, mwadila, na zote zilizobaki za siku nzima. Mayu mzima, goti limepona, amecheza! Nitakueleza kwa mpangilio kama utaniacha nipumue.

Saba Saba treni yenu ikafika alfajiri, kwa wakati, kama umefanya makusudi kunikomoa. Nilikuwa nachochea moto wa wali. Nikasema moyoni, Athanasi, Mungu anakuona. Mara nasikia kelele. Behewa la mwisho, daraja la tatu, watu wamejazana madirishani wanauliza, "Hapa ni wapi? Mbona mawe? Mbona pamba? Msitu wetu uko wapi?" Walikuwa wa Kigoma! Watu themanini na ushee, na watoto, na magunia, wamelala wakijua wanakwenda kwao, wameamka Usukumani.

Simu zikapigwa. Ikaamriwa behewa hilo likatwe na kubaki hapa mpaka treni ya kutoka Mwanza ipite saa kumi na mbili jioni, iwarudishe. Basi wakashuka. Walikuwa na hasira, na hasira ya mtu mwenye njaa ni mbaya. Wali wangu uliisha kabla ya saa mbili. Nikaazima masufuria kwa Mama Ndaki nikapika tena, na akina mama wa Kigoma wakatoa dagaa wao kwenye magunia, tukala pamoja. Walipojua kwamba wifi yangu ni Muha, ndiyo kabisa, nikawa shangazi wa behewa zima.

Saa tisa ngoma zikaanza. Ngeleja akatoka na chatu, na watu wote wakaenda kwake, na wageni wangu nao wakakimbilia kule. Kaka, niliimba huku machozi yananitoka. Nilikuwa na watazamaji kumi na wawili, na wawili kati yao ni wanangu.

Kumbe wale wageni hawajui mambo ya Bayeye, wacheza na nyoka. Sisi tumezoea, tunajua yule chatu ni mzee kuliko Ngeleja mwenyewe. Ngeleja akataka kuwafurahisha, akamshusha chini ili watoto wamshike. Mama mmoja akapiga ukelele, "Yoo!" Behewa zima likatimua mbio! Na wangekimbilia wapi? Kwa shangazi yao. Wakatusomba, wakasimama nyuma yetu wakihema, wakasikia wimbo, wakaomba waambiwe maneno. Nilipofika "moja ya Kigoma, moja ya kwetu" walipasuka kicheko mpaka wengine wakaketi chini. Halafu wakaingia kucheza. Waha, kaka! Wanaruka juu kama mahindi kwenye kikaango. Watu wetu hawajawahi kuona kitu hicho, wakaanza kuhama kutoka kwa Ngeleja, mmoja mmoja, kisha makundi makundi. Mayu akatupa mkongojo. Jua lilipoinama, upande wangu ulikuwa umejaa mpaka relini, na kwa Ngeleja alibaki mnunuzi wa pamba, dereva wake, na chatu.

Wazee wakanyoosha mkono kwangu. Nimeshinda!

Sasa sikiliza. Ngeleja amekata rufaa. Anasema wale si watazamaji, ni watu wa kuletwa. Anasema, "Kaka yake anakata mabehewa Makutano, na wimbo wenyewe unaomba watu. Nani haoni?" Wazee wamekubali neno lake lichunguzwe, kwa sababu kununua watazamaji ni mwiko na adhabu yake ni kunyang'anywa ushindi. Kikao kitakaa Jumamosi, tarehe kumi na tisa Agosti, hapa Malampaka. Wanataka neno lako, kwa mdomo au kwa kalamu: je, Athanasi alilituma behewa lile? Mpaka siku hiyo ngoma imefunikwa kwa ngozi nyumbani kwa mwenyekiti wa wazee.

Niandikie mstari mmoja tu. "Sikulituma." Basi.

Mdogo wako mshindi wa muda,
Kwandu


Makutano,
21 Julai 1995

Mdogo wangu,

Nimefurahi kwamba goti la mayu limepona. Hapa upepo ni mwingi na vumbi linaingia mpaka kwenye ugali. Felisita ameshona sare arobaini. Winnie anaomba umtumie karanga. Bei ya sukari imeshuka kidogo, lakini sabuni imepanda.

Kuhusu behewa, mambo kama hayo hutokea katika reli. Uchunguzi ulifanywa na ukafungwa. Wameandika kwamba sababu haikujulikana. Sidhani ni vizuri mambo ya reli yakapelekwa kwenye vikao vya ngoma.

Wasalimie wote. Mwambie Sylvester asisahau kunywa dawa ya kifua.

Kaka yako,
Athanasi


Malampaka,
1 Agosti 1995

Kaka Athanasi,

Hatujambo. Karanga za Winnie nimempa gadi pamoja na barua hii.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta ule mstari mmoja. Umeniandikia bei ya sabuni. Wewe, ambaye Juni ulinijibu kwanza, pili na tatu! Sylvester akasema, "Mtu asemaye ukweli hahitaji vumbi la kwenye ugali." Nikamkaripia, lakini jioni nilikaa peke yangu mlangoni nikaanza kuelewa.

Ulilituma. Ulikataa kwa mdomo, halafu ukanihurumia. Uliweka kazi yako ya miaka kumi na tisa rehani kwa ajili yangu, na sasa huwezi kusema sikulituma kwa sababu hujui kusema uongo, na huwezi kusema nililituma kwa sababu watakufukuza. Kaka yangu mimi! Nililia, lakini kilikuwa kilio kitamu. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenipenda kwa behewa zima.

Basi usiandike kitu. Tarehe kumi na tisa nitasimama niseme kwamba sina neno lako, na ngoma nitaikabidhi kwa Constantine kwa mikono yangu. Naipenda ngoma ile, usidhani siipendi. Lakini mzee Mayala hakuniachia ngoma ili nimle kaka yangu. Nimeshacheza siku moja ambayo Malampaka haitaisahau, inanitosha.

Wabeja sana, kaka, asante. Mungu akubariki wewe na mikono yako.

Kwandu


Makutano,
11 Agosti 1995

Mdogo wangu Kwandu,

Salamu nitaziweka mwisho safari hii, nikianza nazo nitatoroka tena.

Sikulituma. Na ulivyodhani ni vizuri mno kuliko ukweli. Nimesoma barua yako mbele ya Felisita, akaniangalia tu, na mimi nikatamani nijifiche chini ya cherehani. Unaniombea baraka kwa upendo ambao sikuufanya! Ingekuwa upendo ningevimba kifua. Lilikuwa kosa, Kwandu. Kosa la kijinga.

Ilikuwa hivi. Wimbo wako uliniudhi siku mbili, siku ya tatu nikajikuta nauimba. Nilikuwa nauimba bafuni, nauimba nikipiga viatu rangi. Tarehe sita Julai jioni treni ilipoingia nilishuka kama kawaida, nikaanza kutembea kando yake. Badala ya kuhesabu nikawa naimba. Kila behewa mstari mmoja. "Kaka yangu ameshika njia mbili," hatua, hatua. "Moja ya Kigoma," hatua, hatua. Mguu ukafuata wimbo. Nilipomaliza "salamu nitakupa mimi" nikasimama, nikaingia katikati, nikakata, nikapunga bendera, nikaenda kunywa chai nikiwa na furaha kubwa. Wimbo wako una mistari sita. Mabehewa ya Mwanza ni matano.

Nilijua asubuhi waliposema behewa liko Malampaka. Mchunguzi alipotuuliza, kila mtu alisema hajui, nami nikanyamaza katikati yao. Kunyamaza kwangu kukaandikwa "sababu haikujulikana." Orodha ilikuwa mezani, nikaogopa. Lakini kusema kweli kilichoniziba mdomo si orodha. Niliona haya. Miaka kumi na tisa nimewasema wenzangu, nimewahesabia vidole, nimekuandikia wewe hotuba ya kurasa mbili, kisha nikapotezwa na wimbo wa ngoma kama mtoto anayefuata harusi ya watu.

Tarehe tano orodha ilibandikwa. Jina langu halimo. Nilikuwa nimepona, hakuna ambaye angejua. Siku mbili baadaye ikaja barua yako, kwamba utairudisha ngoma ili mimi nisiguswe. 

Kesho yake nikaenda kwa bwana stesheni. Sikutaka neno langu lisomwe Malampaka kabla mkubwa wangu hajalisikia. Yeye ni Mzaramo, mtani wetu, mtu ambaye kila siku ananiuliza kama nimemaliza kuoga maziwa. Nikasimama wima nikamweleza yote, mpaka wimbo. Akasema, "Imba." Nikasema, "Mzee, nimekuja kukiri kosa." Akasema, "Imba, Msukuma, nijue kilichonipotezea behewa." Nikaimba ofisini, mlango wazi, makarani wamejazana. Kwenye mstari wa nne alilaza kichwa mezani. Alipoinuka alikuwa anajifuta machozi kwa kitambaa, akasema, "Kikazi nakupa barua ya onyo, na itakaa kwenye faili lako mpaka ustaafu. Kiutani unaniletea gunia la mchele wa kwenu, na ole wako liende Kigoma." Barua ya onyo ninayo. Nimeisoma, haina hata neno moja la uongo.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, ya wazee. Nimeandika kosa langu lote na kuweka sahihi. Isomwe yote, mpaka sehemu ya chai. Usiikate kunisitiri.

Sasa salamu. Mpe mayu, mpe shemeji, wape watoto. Na wewe nakupa hizi hizi, ingawa najua hazichezi ngoma. Nisamehe.

Kaka yako,
Athanasi


Malampaka,
20 Agosti 1995

Kaka Athanasi,

Mwangaluka duhu, ya asubuhi tu. Sote wazima, na mayu anakunywa uji akicheka peke yake.

Jana kikao kilijaa kuliko Saba Saba. Barua yako aliisoma Sylvester, kwa sauti ya somo la kwanza, na hilo lilizidisha ubaya. Fikiria mtu anasema "nikapunga bendera, nikaenda kunywa chai" kama anasoma kitabu cha Mwanzo. Watu walianza kukohoa, kisha kuinama. Alipofika kwenye mistari sita na mabehewa matano, Ngeleja mwenyewe ndiye aliyeanza. Aliangua kicheko akapiga magoti yake, akasema, "Jamani, kaka mtu kaenda kukiri kwa mkubwa wake wakati orodha imeshampita! Mtu wa hivyo hanunui watazamaji, hata kuwahesabu hajui!" Uwanja mzima ukalipuka.

Mzee mwenyekiti akasimama, akatoa hukumu. Akasema mtu aliyeletwa kwa hila hahesabiwi, lakini aliyepotea njia ni mgeni, na mgeni ana miguu kama mwenyeji. Wale walisimama kwa Kwandu kwa miguu yao wenyewe. Ngoma ni ya Kwandu. Hakusema ya msimu, kaka, alisema ya Kwandu. Constantine akaenda kwa mwenyekiti bila kutumwa, akaifunua ngoma, akaibeba kichwani mpaka kwangu. Akaiweka sebuleni, akaniambia, "Mama, wimbo wa mwakani tunga wa mistari mitano, reli ipumzike."

Nilikaa kando ya ile ngoma nikaiwekea mkono. Niliishika tangu mwezi wa tatu, lakini jana ndiyo mara ya kwanza niliisikia ni yangu, na nikajua imekuja nyumbani kwa neno lako. Sikukuomba useme yote yale. Ungeandika "sikulituma" ukanyamaza, ungesema kweli na usingepata aibu. Ule upendo uliosema hukuufanya Julai, umeufanya Agosti, na huu ni mkubwa kuliko behewa. Usibishane nami, mimi ndiye ningi.

Kuna jambo moja limebaki. Wazee wamekutoza faini kwa kuleta wageni themanini bila taarifa, wakala kijiji kizima. Si ng'ombe, wala si pombe. Ngeleja ndiye aliyependekeza, na wote wakapiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza. Uje mwenyewe mwezi ujao, na Felisita, na Winnie, ucheze na Wagalu mbele ya watu, ukimshika yule chatu upande wa mkia. Nilijaribu kuwaeleza kwamba wewe unaogopa hata kenge. Nadhani ndiyo sababu makofi yalizidi.

Mayu alimwendea Ngeleja mwisho wa kikao akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu huyo sijamwona miaka sita, nisije nikamwona nusu." Ngeleja amemwapia kwamba siku hiyo chatu atakula kuku wawili wazima kabla hujashuka kwenye treni. Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Kwandu